Ukali Wangu Wafua Nazi Elfu Nne

Jumatatu, 5 Mei
Wiki hii Bwana Azim anachagua meneja wa kiwanda chake cha mafuta ya nazi. Kiti changu! Nani mwingine? Nasimamia wafuaji kumi na wawili, na wote wananiogopa. Leo nimevipanga vifuo, vile vyuma vya kufulia nazi, mstari mmoja kando ya ukuta. Kila mtu autazame ukuta. Porojo kwisha! Nazi elfu mbili na mia moja. Pungufu kuliko Jumamosi. Ni hili joto.

Jumanne, 6 Mei
Emily, mfuaji wa tangu kiwanda kifunguliwe, kaja na wazo. Ati vifuo vizunguke lundo la nazi, watu wasipoteze muda kwenda na kurudi. Kwao Tezo hufua hivyo, huku wakiimba. Nikamwambia hapa kiwandani, si ngomani. Akaomba radhi. Heshima iliyoje! Nazi elfu moja na mia tisa. Nimefuta chai ya saa nne. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Jumatano, 7 Mei
Elfu moja na mia sita. Na kesho nina hitima ya mjomba, nyumbani Shella, Malindi! Balaa gani hii, wiki ya uamuzi? Nimewaonya wafuaji nisije nikakuta upuuzi. Emily alijibu nisiwe na wasiwasi, nikae hata wiki nzima. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Kwa hofu.

Ijumaa, 9 Mei
Nimerudi. Jana nazi elfu nne! Haijapata kutokea! Vifuo vimezunguka lundo, chai inamiminwa, watu wanaimba. Ningewakaripia, ila Bwana Azim alikuwepo. Akauliza siri ni nini. Nikasema uongozi wangu. Akanikumbusha kwamba sikuwepo. Nikamweleza kuwa ukali wa kweli ndio huo, unafanya kazi hata mwenyewe nikiwa Malindi nakula biriani. Akasema amekwisha kuamua. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Jumatatu, 12 Mei
Ushindi! Umeneja kapewa Emily, maskini, akahangaike na kelele za mashine. Mimi ni Mkuu wa Kituo cha Kukusanyia Nazi, Rabai! Ofisi yangu peke yangu! Juzi Bwana Azim alisema mbele ya watu wote kwamba kiwanda hustawi zaidi nikiwa mbali. Wakapiga makofi mpaka nikaona haya. Wafanyakazi wa kituo hawajaajiriwa bado, lakini nimeshabandika amri kumi na nne mlangoni. Tangu asubuhi hakuna aliyevunja hata moja.