Mkataba wa Sufuria ya Mama Mado

Redio ilitangaza asubuhi, na mchana habari ilikuwa bado moto kwenye kijiwe cha pombe cha Mama Mado, mtaani Kikula: majeshi ya mataifa makubwa sasa yana vikosi vya kupigana angani, juu kuliko ndege, na vingine vya kupigana ndani ya mitandao.

Adolphe, soudeur, yaani fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye wote humwita Baguette kama vile vijiti vya kuchomelea, hakuwa na haja na vita vya watu. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Kiwanda kimoja cha mtaa wa Panda kilitafuta fundi mmoja, nacho kingepiga simu siku hiyo, mara moja tu. Asiyepokea, anaitwa anayemfuata kwenye orodha. Adolphe alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi. Mkewe Gertrude alimwonya asiiache simu hata akienda chooni.

— Baguette, ile telefone njo bunduki yabo, alisema Éphraïm, fundi mwenzake, aitwaye Satellite kwa kuwa anajua yote na hashuki chini. Iko na camera, iko na micro. Bale ba kule juu banakuona mpaka mu meno.

— Bataona nini? Mu meno yangu hata nyama haiko.

— Banatafuta Koni, kule courant yetu inatokea! aliruka Papa Dominique, mstaafu wa nyaya za umeme, jina lake kijiweni Zéro Courant, yaani umeme hakuna. Courant ikikatika, unazani ni nani?

— Papa, courant inakatikaka hapa mbele ya satellite kuzaliwa, alijibu Mama Mado huku akikoroga ugali.

Satellite aliinua mkono kama mbunge.

— Bakubwa bakiogopana banafanya accord. Kila mutu anaweka silaha chini. Na siye vile vile: telefone yote mu sufuria ya Mama Mado, tufunge. Jeshi ya mbinguni haiwezi kupita mule.

— Miye niko nangoja kazi.

— Dakika kumi tu! Ama weye njo mupelelezi yabo?

Neno hilo lilimchoma Adolphe. Akaitoa simu yake, akaiweka sufuriani juu ya za wenzake.

Mama Mado alifunika ile sufuria, tupu siku hiyo, anayopikia lutuku, ile pombe kali ya mahindi, akaziba ukingo kwa unga uliokandwa, kama anavyoziba siku zote mvuke usitoroke. Jua la Oktoba likaukausha unga ukawa saruji. Wao wakabishana mwezi ni wa nani, hadi dakika kumi zikawa saa nzima.

Ghafla sufuria ikalia.

— Musiguse! Banaingia! alipiga yowe Zéro Courant.

— Ni kazi yangu, papa! Ni kazi!

Adolphe alivuta kifuniko, kikagoma. Akanyakua mchi wa Mama Mado. Pigo la kwanza, la pili. La tatu likakifungua, na simu ikanyamaza. Majuto ni mjukuu, lakini siku ile yalifika mapema.

Adolphe aliichukua; kabla hajapigia namba ya kiwanda, mlio ukasikika mfukoni mwa Satellite.

— Allo? Ndiyo, patron, Éphraïm, soudeur. Kesho asubuhi? Nitafika. Merci sana.

Adolphe alimtazama.

— Ulibakia na telefone?

— Ya reserve, Baguette. Hata bakubwa banabakishaka moja.

Simu ya Adolphe ikalia tena mkononi. Akasoma jina: Gertrude. Akairudisha taratibu ndani ya sufuria.

— Mama Mado, unga inabakia? Funga tena.