Msaada wa Kupigia Picha

Castory wa Kihonda alisikia kwamba kampuni moja kubwa ya dawa inatafuta asasi ya kugawa dawa za malaria vijijini, bure. Hakuwa na asasi. Kufikia jioni alikuwa nayo: Mwanga wa Afya Uluguru, bango la kung'aa, na mkurugenzi aliyekuwa pia katibu, mhasibu na mlinzi, yaani yeye mwenyewe. Maboksi yakaletwa hadi kwake Kihonda, na mwenye duka la dawa wa Dumila, aliyeahidiwa kuuziwa mzigo wote, akaanza kumsumbua kwa simu, mzigo unafika lini.

Kikwazo kilikuwa kimoja.

"Kaka Castory, tunaomba picha," alisema Happiness wa kampuni, akipiga kutoka Dar. "Wanakijiji wanapokea, wana furaha. Wakubwa wanaitaka kwenye ripoti. Bila picha hakuna mzigo wa pili."

"Picha tu, dada? Hesabu imekwisha."

Akakodi pikapu, akapakia bango la asasi na maboksi yote, maana boksi moja halina mvuto, akapanda nayo Kinole, kijiji cha Waluguru milimani. Watu wapokee, wacheke, apige picha, apakie tena, ateremke Dumila. Jamani, mtu mwenye bidii namna hiyo si angelima tu!

Asia, muuguzi wa zahanati ya Kinole, alipoona maboksi machozi yalimlengalenga. Kabati lake lilikuwa tupu kabisa, na barazani mama mmoja alikuwa amempakata mtoto anayechemka homa. Watu wakashusha mzigo kwa vigelegele. Castory akapiga picha, akaituma hapo hapo, kisha akapiga makofi.

"Asanteni sana, wazazi wangu! Sasa tuyarudishe kwenye gari."

"Turudishe nini?" Asia akauliza.

"Haya ni ya picha, sista. Yenu yanakuja. Ndio utaratibu wa wafadhili."

Nyuso zikabadilika. Mzee mmoja akaokota jembe, labda ili aende shamba, labda siyo. Castory akaangua kicheko kikubwa.

"Aa! Mnaninunia mimi, Mnyamwezi wa Tabora? Waluguru nyie vipi? Mimi si mtani wenu!"

Tabora hajawahi kukanyaga. Lakini mjini kila mtu anajua kwamba Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na mtani akikufanyia vituko unacheka, yamekwisha. Mjanja huyo!

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Mwanvita, muuza mdalasini.

"Kumbe mtani! Mbona hukusema mapema?" Akakumbatia boksi. "Basi hili nimechukua. Mtani anachukua, na mwenzake hanuni."

"Na mimi hili!"

"Hili langu, mtani!"

Maboksi yakaingia zahanati mbio mbio. Bi Mwanvita akarudi, akamvua Castory kofia, akaivaa yeye.

"Shikamoo bibi, lakini hizi dawa..."

"Marahaba. Zina nini, mtani?"

Simu ya Castory ikaita. Dumila. Hapo ndipo akili ilipomruka.

"Utani basi, jamani! Mimi si Mnyamwezi! Nimewadanganya!"

Vicheko vikakatika. Asia akamsogelea.

"Kabila umedanganya. Na asasi je? Namba ya kampuni hii hapa, imeandikwa kwenye boksi. Niwapigie tuwaulize?"

Castory akaanza kurudi nyuma kuelekea garini. Bi Mwanvita akamshika bega kwa upole, kama anamwozesha binti.

"Mjukuu wangu, chagua mwenyewe. Kama u mtani, tumekuchukulia, tumecheka, nenda zako salama. Kama si mtani, basi wewe ni mwizi wa dawa za watoto, na gari la polisi linapanda huku vizuri tu. Wewe nani?"

"Mtani, bibi."

"Hatukusikii!"

"Mnyamwezi!" Castory alipaza sauti hadi kuku wakakimbia. "Wa Tabora! Baba na mama!"

"Ala! Haya, mtani, limebaki boksi moja garini. Lilete."

Akalibeba mwenyewe mpaka ndani. Asia akalifungua Castory akiwa bado amelishika, akatoa dozi ya yule mtoto wa barazani.