Lainibeka wa Kukimbia Mbele

Jumatatu, 8 Septemba

Mkutano wa klabu yetu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukimbia na mpira mkononi na kuangushana. Madam Kuluthum, mwenyekiti wetu, ametangaza kwamba kuanzia wiki ijayo ulinzi wote utakuwa chini ya kocha mmoja. Mmoja! Ni mimi au Gachanja. Atakayekosa atabeba maji. Ataamua baada ya mechi ya Jumamosi na Naivasha.

Gachanja akatabasamu. Yeye hufundisha majitu ya mstari wa mbele, vijana wanaopakia viazi kwenye malori. Kazi gani hiyo? Unawaambia wasimame, wanasimama. Ukuta pia husimama. Mimi nafundisha malainibeka, wale wanaokaa nyuma ya ukuta, wakimwinda mwenye mpira na kumwangusha chini. Hiyo ni akili. Miaka saba nimewapigia kelele: mtaka cha mvunguni sharti ainame! Wengine wameanza kuinama.

Maji? Mimi Kosgei? Thubutu!

Jumanne, 9 Septemba

Mungu si Athumani. Nikiwa kwenye pikipiki barabara ya Njoro, mtu amenipita. Kwa miguu! Tena kwenye mlima! Nimemfukuza hadi akasimama kwa kunihurumia. Anaitwa Kipruto, mwanariadha. Nikamuuliza kazi yake hasa ni ipi. Akasema yeye hukimbia mbele. Marathoni kumi na moja, zote ameongoza hadi kilomita ya thelathini.

Nikamsajili hapo hapo kando ya barabara.

Mke wangu Jepkemei ni mwalimu wa hesabu, hawezi kuacha kitu kipite bila swali. Akauliza: na baada ya thelathini? Nikamwambia uwanja wetu hauna hata kilomita moja. Akaniangalia vile huwaangalia wale wa dawati la nyuma.

Alhamisi, 11 Septemba

Mazoezi ya siri kwenye malisho ya ng'ombe wetu. Nimemsimamishia Kipruto gunia la mahindi, nikamwambia hilo ni adui, liangushe. Ameliangusha mara arobaini! Hachoki! Gunia limepasuka. Jepkemei amelia kuhusu mahindi, lakini ushindi una gharama zake.

Gachanja akatokea ghafla, eti anatafuta maziwa. Mpelelezi mkubwa! Nikamwambia kwamba Kipruto ni binamu yangu, amekuja kung'olewa jino. Kipruto, mtu mwaminifu, akafungua mdomo akamwonyesha. Meno thelathini na mawili, yote mazima. Gachanja akaondoka akicheka.

Ijumaa, 12 Septemba

Gachanja ameniuliza mbele ya wachezaji kama jezi ya mbeba maji itanitosha tumboni. Nikamwambia aijaribu yeye kwanza. Kesho atajua hajui.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimejifungia chumbani kuandika haya.

Tulikuwa tunaongoza, kumi na mbili kwa nane. Dakika moja imebaki. Mpira ni wa Naivasha, vijana wa mashamba ya maua. Ukuta wa Gachanja ukapasuka. Narudia ili isomeke vizuri: UKUTA WA GACHANJA ULIPASUKA. Kijana wao mmoja mwembamba akachomoka na mpira. Nikapiga kelele, Kipruto, huyo! Kipruto akamfikia kwa hatua nne. Nikainua mikono juu. Nikamtazama Gachanja usoni.

Kipruto akampita.

Akakaa mbele yake! Akageuka, akamwita kwa mkono, twende, twende. Malainibeka wangu wawili walipokuja kumkaba yule kijana walimgonga Kipruto, wakaanguka wao. Wakaenda hivyo mita hamsini, Kipruto akimkatia mwenzake upepo na kutazama saa. Karibu na mstari wa mwisho akasogea kando kwa heshima, akampisha apite, akapiga makofi.

Pointi sita zao. Kumi na nne kwa kumi na mbili. Filimbi.

Kumbe hiyo ndiyo kazi yake! Kuvuta wenzake kwa kasi mpaka kilomita ya thelathini, kisha atoke, washinde wao. Ameniambia tangu azaliwe hajawahi kumgusa mtu anayekimbia, ni makosa. Na gunia je? Akasema gunia halikuwa linakimbia. Halafu akaongeza kwamba yule kijana wa Naivasha ana kipaji, ila anainua mabega sana.

Jumapili, 14 Septemba

Madam amempa Gachanja ulinzi wote. Nilijitetea. Nilisema hakuna mlinzi mwingine katika nchi hii aliyemfikia adui haraka vile. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kabla ya kumsajili mtu huyu nilimuuliza swali lolote. Nilimuuliza! Moja!

Wachezaji wote walikuwa wanasikia. Iliniuma. Naandika hapa tu, kwingine nitakana: iliniuma sana. Miaka saba. Nimerudi nyumbani na jezi ya maji, nikakaa nayo mapajani. Jepkemei hakuniuliza swali hata moja, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumatatu, 15 Septemba

Gachanja amemhamishia Kipruto upande wa kushambulia, akimbie mbele ya mwenye mpira wetu. Kila mtu anasema ni wazo la ajabu. Na nani alimleta? Nani?

Jezi inabana tumboni.

Jumanne, 16 Septemba

Sijashindwa. Ng'o! Nimefikiria: mbeba maji huingia katikati ya uwanja kila mchezo ukisimama. Kocha haruhusiwi. Nitawafundisha malainibeka wangu wakiwa wanakunywa. Gachanja hatajua kilichompata.

Na nimepata mtu! Leo, huko Longonot. Anaitwa Kipsang. Mabega mapana kama mlango wa ghala. Safari hii sikukurupuka, nimejifunza, nimeuliza maswali mawili mazima. Kazi yake? Huwapandisha watalii mlimani na kuwashusha. Ana uzoefu? Miaka tisa, akasema, na kwa miaka hiyo yote hajaacha mtu hata mmoja aanguke.

Nikamsajili hapo hapo.