Spika Zisizofika Hata Langoni

Wamagana,
Nyeri.
Tarehe 14 Machi, 1989.

Kwa Mhariri, Ukurasa wa Barua.

Bwana Mhariri,

Pokea salamu zangu, na uwape pia wale wanaokupangia herufi, maana barua hii ni ndefu na wao ndio watakaoumia vidole. Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukusumbua. Hata mwaka ule mlipochapisha picha ya mwenyekiti wetu wa ushirika, na chini yake mkaandika kwamba ni fahali aliyepata nafasi ya kwanza katika maonyesho ya kilimo, nilinyamaza. Leo kunyamaza kumenishinda. Ninashtaki spika mbili.

Mdogo wangu Kingori anauza vipuri vya magari mjini Nyeri na anaishi Skuta. Mwaka huu alitoa viazi katika stoo ya nyumba yake, akaipaka rangi, akaweka televisheni na deki ya video, akapanga viti vinane, akaiita chumba cha sinema. Hapo sina neno. Mtu akitaka kukaa gizani saa tisa mchana akitazama watu wakirukiana mateke, hayo ni maisha yake. Shida ilianza alipotafuta spika za kutundika ukutani.

Ni vizuri ujue mimi ni nani katika mambo ya spika. Tangu mwaka wa 1966, zile spika za bati zenye mdomo mpana, zinazofungwa juu ya gari, ni zangu katika upande huu wote wa Tetu. Hakuna harambee, hakuna mazishi, hakuna mkutano wa injili ambao umesikika bila mimi. Nikisema "haloo, moja, mbili" hapa Wamagana, kuku wa ng'ambo ya bonde hukimbilia vibandani. Na spika huku tunazipima hivi: mtu mmoja anabaki na maikrofoni, mwingine anavuka mto na kupanda mgongo wa pili, yaani kilima cha ng'ambo, na akisikia anapunga kitambaa cheupe. Asipopunga, hiyo si spika, ni sufuria. Ndivyo tunavyopima, na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa hao kuku.

Mwanzoni Kingori alifanya kama mtu mwenye adabu. Aliita kamati ya familia. Mimi nikachaguliwa mwenyekiti, dada yetu Wachuka akawa katibu, tukakutana mara tatu, tukanywa chai, kumbukumbu zikaandikwa. Katika kikao cha tatu tuliamua kwa kauli moja, Kingori akiwa ametoka kuongeza maji kwenye birika, kwamba nimpe spika yangu moja ya bati, bure kabisa, ifungwe ukutani mbele ya viti. Aliporudi alishukuru. Baada ya majuma mawili alinunua visanduku viwili vya mbao, kila kimoja ukubwa wa mkate, akavitundika ukutani. Mwenyekiti hakuarifiwa. Katibu hakuarifiwa. Hata chai haikuchemshwa.

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Fundi. Kingori alimwacha kaka yake mwenye ujuzi wa miaka ishirini na mitatu, akamleta kijana mmoja, Jethro Kirimi, kutoka Meru, upande ule mwingine wa mlima. Sina ubaya na watu wa Meru. Wananunua na kuuza kama sisi, na wanasali. Lakini huyu Kirimi aliingia ndani ya stoo na jambo la kwanza alilofanya ni kupiga makofi. Alipiga kofi moja, akatega sikio. Akaenda kona nyingine, akapiga jingine. Nilidhani ni maombi, nikavua kofia. Kumbe alikuwa anasikiliza ukuta! Kisha akasema spika ya bati ikifungwa humo ndani "itaumiza watu, Mzee, hii chumba ni ndogo." Nilimuuliza ni mtu gani aliyewahi kuumizwa na kusikia vizuri. Aliendelea kuupiga ukuta makofi.

2. Masikio. Kirimi alituketisha mimi, Wachuka na Kingori kwenye vile viti, akatoa futi ya kupimia, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye masikio yetu. Nina umri wa miaka sitini na mmoja, Bwana Mhariri. Nimepimwa suti, nimepimwa presha, na mara moja nilipimwa kiti cha heshima cha kanisani. Sikio langu halikuwa limepimwa na mtu. Alisema spika lazima itundikwe juu kidogo ya sikio la mtu aliyeketi, halafu iinamishwe imtazame. Mimi spika zangu hazimtazami mtu, zinatazama nchi. Tena alikataa kutundika hata moja kwenye ule ukuta wa mbao unaotenga stoo na jikoni, eti mbao zitatetemeka na kupiga kelele. Kazi ya spika ikiwa si kupiga kelele, naomba nielezwe ni nini.

3. Trei za mayai. Ukuta wa nyuma ameubandika trei za mayai, zile za karatasi, tangu chini mpaka juu, eti zimeze mwangwi. Hakuna yai hata moja. Nilihesabu.

4. Aibu yangu. Hapa ndipo panaponiuma, kwa hiyo utanivumilia.

Desemba ya mwaka juzi walikuja wageni kuleta mahari ya Monicah, binti wa kwanza wa Kingori. Msemaji wa familia nilikuwa mimi, kwa sababu ni mkubwa na kwa sababu nimejaliwa. Nilizungumza dakika arobaini na saba. Mpiga video alitoka Karatina na hotuba yote imo ndani ya kanda. Kingori alipotangaza kwamba kanda hiyo ndiyo itakayofungua chumba chake cha sinema, Jumamosi tarehe nne mwezi huu, saa tisa, nilisahau yote hayo ya trei nikamsamehe.

Siku hiyo niliondoka nyumbani mapema. Nilipita kwa majirani wa Skuta mlango kwa mlango. Nilimwambia mwenye duka, nikawaambia wamama wa bombani, nikamwambia mzee Wamae anayefuga nyuki nyuma ya nyumba ya Kingori, kwamba saa tisa kamili wafungue madirisha. Mimi mwenyewe nilikataa kuingia ndani, kwa msimamo. Niliweka kiti langoni, nikaketi na watu kama ishirini wakanizunguka. Saa tisa ikafika. Tukasikia mlango wa stoo ukifungwa. Tukangoja. Tulisikia nyuki wa Wamae, tulisikia mtoto akikohoa kwa jirani wa tatu, na hotuba yangu hatukuisikia. Baada ya nusu saa mwenye duka aliniuliza kama nina hakika nilizungumza siku hiyo. Mama mmoja akasema, "Wacha tu, Baba, labda ilikuwa ya kuomba kimoyomoyo." Waliondoka mmoja mmoja. Hadi leo nikipita pale bombani wananisalimu kwa kunong'ona, halafu wanacheka.

Waliokuwa ndani walitoka wakiwa wamelowa macho. Watu wazima, wanane. Wachuka alinishika mkono, akasema ningeingia. Nilimwambia hotuba ambayo inabidi mtu afungiwe ndani ndipo aisikie ni ya mfungwa, nikabeba kiti changu mpaka nikakumbuka kwamba ni cha Kingori, nikakirudisha.

Kwa hiyo nimejiuzulu. Mwezi wa Agosti wageni wanatoka Ruring'u kuja kwa mahari ya Wacera, binti wa pili. Familia haina msemaji. Kingori mwenyewe akisimamishwa mbele ya wageni hutoka jasho na kuomba maji. Nilimwambia mbele ya katibu: ondoa hiyo mikate ukutani, ama utafute mtu mwingine wa kukusemea. Alinitazama tu, akasema, "Kuja siku moja usikie, brother." Sijui alikuwa ananihurumia au ananidharau. Nimeamua ni dharau, kwa sababu huruma ingenikasirisha zaidi.

5. Taifa. Kuna watakaosema hili ni jambo la ndugu wawili. Hao hawaoni mbali. Leo ni stoo ya viazi. Kesho mchungaji ataingia humo, apendezwe, atundike mikate miwili kanisani, na yule aliyebaki kitandani Jumapili hatajua kwamba anahubiriwa. Harambee itafanywa kwa sauti ya chini, na aliyetoa jogoo atatembea kifua mbele sawa na aliyetoa fahali. Chifu ataita baraza na atakayemsikia ni karani wake. Watu wataozesha mabinti bila mgongo wa pili kujua, na mgongo wa pili usipojua, nani atakuja na ndizi? Mazishi yetu yatahudhuriwa na marehemu peke yake. Na nchi ambayo raia hawasikii kitu mpaka waketi na wanyamaze, Bwana Mhariri, hiyo bado ni nchi au ni maktaba?

6. Rangi ya hivyo visanduku pia ni mbaya.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, kupitia gazeti lako, kwanza, serikali ipige marufuku uuzaji wa spika yoyote ya ukutani isiyoweza kuvuka angalau bonde moja, na wale ndugu zetu wanaoishi sehemu za tambarare watafutiwe bonde. Pili, Jethro Kirimi arudi kwao na futi yake, na vipimo vya sikio langu aviache Nyeri. Tatu, Kingori avitungue visanduku vyake, atundike spika ya bati kama ilivyoamuliwa, kisha aitishe kamati na kuomba msamaha, kukiwa na chai na mandazi. Hayo yakitimizwa nitarudi katika kiti cha msemaji. Yasipotimizwa, wageni wa Ruring'u watasalimiwa na glasi ya maji.

Nakutakia kazi njema. Wasalimu wote wa ofisini kwako, tangu anayefungua mlango mpaka anayeuzima mtambo, na familia zao, na hasa yule wa picha ya fahali, mwambie sina kinyongo naye.

Mimi wako, kwa sauti kubwa,

Moffat Gicheru,
Mwenyekiti wa Kamati ya Spika, na Msemaji wa Familia (aliyejiuzulu).

Nyongeza, Jumapili tarehe 19 Machi.

Bwana Mhariri, barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha. Leo baada ya kanisa nilimpelekea Kingori aisome kwanza, nisije nikaambiwa nilimsengenya gazetini. Aliisoma yote amesimama mlangoni. Alinishika bega akanipeleka kwenye stoo, akaniketisha, akafunga mlango, akaweka ile kanda.

Nilijisikia. Ni hotuba nzuri, ile robo saa ya kwanza. Baada ya hapo nilianza kusikia vitu vingine chini ya sauti yangu: vijiko, mbuzi, kuni zikivunjwa. Mpiga video alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, walipoketi wanawake. Ndipo nikamsikia Mama. Mama yetu, Watiri, tulimzika Novemba. Hakuwahi kupaza sauti maisha yake yote, hata akituita kula. Anamwambia mtu aliye kando yake, kwa Kikuyu, na mimi nakuandikia kwa Kiswahili: "Huyu mtoto wangu anaongea vizuri. Lakini mwambieni aketi, watu wako na njaa." Halafu anacheka. Kile kicheko kilikuwa hapa, karibu na sikio langu.

Kingori aliniambia kwamba alizunguka na kanda hiyo katika kila duka la spika, Nyeri, Karatina hata Nanyuki, akiomba ichezwe pale Mama anapocheka. Katika spika kubwa Mama hayupo, ni mimi tu. Akanunua zile ambazo Mama alisikika. Nilimuuliza mbona hakuiambia kamati. Alisema aliogopa tungepiga kura.

Barua usiichapishe. Agosti nitasema dakika kumi, kisha watu wale. Tumerudisha kanda mara sita leo, na nimemtuma mtu kwa Kirimi kumuuliza kama kuna namna ya kuipunguza sauti yangu na kuiacha ya Mama. Amejibu kwamba hakuna.