Figo ya Nje ya Shangazi Mwanahamisi

Jumatatu, 23 Januari 1961

Bahati! Nimepata mabunda mawili ya mirija ya selofani kwenye bucha la Mbelgiji aliyekimbia. Inang'aa! Ni ngozi ya kutilia soseji. Tangu serikali ya Léopoldville itufungie mto, Kisangani haina kitu. Nitaikata, niuze vifuniko vya mvua vya tandiko la baiskeli. Tatizo: soseji ni nguruwe, na wateja wangu ni Waislamu wenzangu. Nimeosha bunda la kwanza mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Nimesugua hasa. La pili nimechoka, nimelisukuma chini ya kitanda. Hilo ni la Wakristo wa Yanonge.

Jumatano, 25 Januari

Shangazi Mwanahamisi, aliyenilea, yuko hospitali. Homa ya mkojo mweusi. Sasa hata huo mweusi hautoki, siku ya nne. Figo zimegoma. Uso umevimba, hanitambui. Muuguzi Nicolas, anayeringia koti lake jeupe, amenikataza kugusa kitanda.

Lakini Daktari Hubert ametengeneza figo ya nje! Pipa la mbao linazunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi na sukari. Damu ya mgonjwa inapita kwenye mrija uliozungushiwa pipa. Mrija una matundu ambayo jicho haliyaoni: uchafu unatoka, damu inabaki. Nimebaki mdomo wazi. Akili gani hii! Ila mrija umekwisha, na ndege haziji. Nimeuliza mrija gani. Selofani. Ule wa soseji!

Alhamisi, 26 Januari

Nimepeleka bunda safi. Siwezi kumtilia shangazi nguruwe kwenye damu. Nimemweleza Hubert kwa fahari jinsi nilivyoosha. Amelijaribu kwa maji: linavuja kila mahali! Ule udongo umelikwaruza lote. Nicolas amecheka. Hubert ameuliza kama lipo lingine. Nimekiri lipo, lakini ni najisi. Akanishika bega: « Hapana nguruwe, Yakubu. Hii iko miti. Miti tu, bon, wanaipika ku usine, ku kiwanda. » Nimekimbia hadi nyumbani Kabondo na kurudi, bila viatu. Naogopa. Akifa, nimemuua kwa usafi wangu.

Ijumaa, 27 Januari

Bunda la chini ya kitanda halivuji! Umeme ulikatika, basi Nicolas akazungusha pipa kwa mkono, saa sita nzima. Nilitaka kumpokea, akakataa, asije mtu akasugua kitu. Nimemheshimu. Kidogo. Jioni maji ya beseni yalikuwa ya manjano, yananuka mkojo. Sijawahi kufurahia harufu ile maishani! Utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na unafanya kazi ya figo mbili. Hubert alikuwa anatabasamu peke yake.

Jumanne, 31 Januari

Shangazi amekojoa! Wodi nzima imepiga makofi. Amefumbua macho, ameuliza nani alileta mrija. Wote wamenionyesha mimi. Amenishika mkono: « Mutoto yangu. » Nimelia mbele ya watu, sijali. Nicolas aligeukia ukutani. Naye analia, nimemwona.

Jumatatu, 6 Februari

Hubert amenibebesha kazi rasmi: nitafute mirija mingine, wagonjwa watakuja. Mimi, mtu wa sayansi! Nimeenda hadi Banalia kwa lori la mihogo. Nimerudi na gunia zima la mipira ya ndani ya baiskeli. Mipya, minene, myeusi tii. Nicolas ameipapasa, ameuliza kama nimerukwa na akili. Wivu tu. Nimemweleza polepole, kama mwalimu, kwamba hii inaipita selofani mbali sana: haipitishi kitu chochote.