Mnyauko Upande Wangu wa Banda

Jumatatu, 3 Machi
Mche mmoja umelala. Saa sita mchana, majani bado ya kijani kabisa, lakini umelegea kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Jioni ukasimama tena. Baba mkwe hakuona, afadhali. Magoti yamemshinda, na tarehe ishirini na tatu ataamua nani achukue banda lote la nailoni la kulimia nyanya: mimi wa upande wa kushoto, au shemeji, kaka wa mke wangu, wa upande wa kulia. Nimefunga kibanda changu cha kushona viatu kwa ajili ya banda hili!

Jumatano, 5 Machi
Minne! Nimemwaga ndoo sita za maji. Nimepunguza matawi kwa kisu, mstari wote, miche migonjwa na mizima, ipate hewa. Shemeji kachungulia, kauliza mbona nyanya zangu zinasinzia. Nikamwambia zina adabu, zinainama kumsalimia. Akacheka. Sipendi anavyocheka.

Jumanne, 11 Machi
Kumi na saba. Mke wangu kasema nisipomwita bibi shamba, atamwita yeye.
Bibi shamba kaja na glasi. Kakata shina, kalitumbukiza kwenye maji safi, kaniambia nitazame. Kikatoka kiuzi cheupe, kama moshi, kikashuka taratibu.
“Hao ni bakteria,” akasema. “Maelfu kwa maelfu.”
Kumbe wana mikia! Myembamba, haionekani kwa macho. Wanaogelea kwenye udongo uliolowa, wakifuata utamu unaotoka kwenye mizizi. Wanaingilia kwenye vidonda, wanapanda, wanaziba mishipa ya maji. Mmea unakufa kwa kiu na miguu iko majini. Dawa hakuna. Kaagiza ning'oe miche migonjwa pamoja na udongo wake, nipunguze maji, nichemshe kisu, na nimwambie baba mkwe leo leo.
Nimeitikia vizuri sana. Sijamwambia.

Jumatano, 12 Machi
Nimepata! Wanafuata utamu? Watapewa utamu. Nimechimba mfereji kutoka kwenye mistari yangu mpaka mpakani kwa shemeji, nikamimina maji yenye kilo mbili za sukari. Watoke kwangu, waende zao. Wakipitiliza wakaingia upande wa kulia, sikuwatuma mimi. Mke wangu ametafuta sukari asubuhi nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Alhamisi, 13 Machi
Sisimizi! Banda zima! Na sikujua kwamba ardhi inainamia kushoto. Maji yote yamerudi kwangu, yametuama kwenye mistari mitatu iliyokuwa mizima. Matuta ya shemeji ni ya juu, hayakuguswa hata na tone. Kauliza nani kamwaga chai. Ile mikia haitoki kichwani. Hata nikinawa uso naiona.

Jumapili, 23 Machi
Zote chini. Zangu zote.
Baba mkwe kasimama katikati ya banda, kaegemea fimbo. Hakugomba. Angegomba ningepumua. Aliuliza tu nilijua lini. Nikasema jana.
Mke wangu akatazama viatu vyake. “Baba, amejua tangu tarehe kumi na moja.”
Banda kapewa shemeji. Nikangoja acheke. Hakucheka! Alimwomba baba yake nisifukuzwe, nibaki na upande wangu nipande mahindi mpaka udongo upone, na yeye atatupa nyanya za nyumbani. Aibu ilinishika, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Bibi shamba, aliyeitwa na mke wangu, kasema kwa ukali upande wa kushoto usipandwe nyanya, viazi mviringo, pilipili wala biringanya, zote ni jamaa moja na zitaugua vilevile. Nimeapa mbele yao wote. Mke wangu kanishika mkono tulipokuwa tunatoka.

Jumatano, 26 Machi
Nimefikiri sana. Mahindi yatanichelewesha. Biringanya inakwenda sokoni haraka. Ni kweli bibi shamba aliitaja, lakini alikuwa na hasira, na mwenye hasira hutia chumvi. Nimepanda miche sitini, nikaimwagilia mpaka ikaelea. Shemeji atajuta kuwa mkarimu.
Baba mkwe aliuliza kwa mbali ni nini kile. Nikamjibu ni mahindi ya majani mapana.