Mkungu wa Saa Nane Usiku

Jumamosi, 19 Julai 2025

Kuanzia leo nitaandika humu kila kitu, hata yale yatakayonitia aibu. Mimi Tahiya, kidato cha tatu, nimejiapiza.

Mjomba Kificho amekuja kutoka Kendwa, anakofanya kazi ya kupokea wageni hotelini. Mwezi uliopita alinipa kamera aliyoachiwa na mgeni. Si kamera ya kawaida. Huona mwanga ambao macho ya binadamu hayauoni, basi majani hutoka meupe kama karatasi, na mbingu hutoka nyeusi hata jua likiwaka. Mimi niliipenda siku ile ile. Mjomba anasema ina mtoto wa jicho. Amempata fundi huko Mwanakwerekwe atakayeitibu, ipige majani ya kijani kama kamera za watu wengine.

Nimelia. Nimemweleza tena kuhusu Majani Meupe, kundi letu la WhatsApp: watu ishirini na tatu wenye kamera za aina hii, wanaotumiana picha pamoja na mipangilio yake. Nimemwambia Jumamosi ijayo Bi Shemsa, kiongozi wetu, atatundika picha kumi na mbili katika ukumbi wa nyumba yake Kiponda, watu waje watazame. Mjomba akafikiri kidogo.

"Picha yako ikitundikwa mbele ya watu, nitaamini si mgonjwa, ubaki nayo hivyo hivyo," akasema. "Isipotundikwa, Jumatatu inayofuata inakwenda kwa fundi."

Wiki moja! Na mpaka leo picha zangu zote kundini zimepata jibu moja tu, la Bwana Mahfoudh wa Mbweni. Ni mpima ardhi mstaafu na anajua kila kitu. Huniandikia nijaribu tena.

Nilikuwa nimeitoa betri kuichaji, kwa hiyo kamera ilisahau wakati. Ilipowaka iliniuliza saa ngapi. Nikatazama saa ya ukutani ya Bibi, nikaandika kama ilivyosema. Kisha nikatoka kupiga picha ya mti wa mkungu wa mtaani kwetu Malindi. Umetoka mweupe wote, mbingu nyeusi nyuma yake. Nimetuma na mipangilio: ISO 200, shata moja ya mia mbili na hamsini, tundu la lenzi nane. Sasa nasubiri kuambiwa nijaribu tena.

Jumapili, 20 Julai

Sikuambiwa nijaribu tena!

Ujumbe arubaini na moja. Kheir wa Mwanakwerekwe, anayetengeneza mafriji, ameandika kwamba hajapata kuona kitu kama hiki. Bwana Mahfoudh ameuliza kama nilitumia taa. Nimejibu sikutumia. Ameuliza kama niliisimamisha kamera juu ya miguu mitatu. Nimejibu niliishika kwa mikono. Akaandika kwamba amepiga picha miaka thelathini na safari hii hataniambia nijaribu tena.

Nikajiuliza mkungu una nini. Nikaikuza picha. Pembeni, chini, kamera imeandika: 02:10.

Nimeelewa. Saa ya Bibi imewekwa kwa hesabu yetu: mshale ukifika mbili ni saa mbili asubuhi. Kamera inahesabu kuanzia saa sita za usiku. Kwake yeye 02:10 ni saa nane na dakika kumi za usiku. Watu wote wanadhani nilipiga mkungu gizani, bila taa, na likaonekana kila jani!

Nikaanza kuandika masahihisho. Nilikuwa nimefika kwenye neno "Samahani" alipoandika Bi Shemsa kwamba picha yangu itakaa katikati ya ukuta mkubwa, na jina lake litakuwa "Mkungu wa Saa Nane Usiku". Nikafuta "Samahani".

Sikusema uongo. Niliulizwa kuhusu taa na kuhusu miguu mitatu. Kuhusu jua hakuniuliza mtu.

Jumatatu, 21 Julai

Wanachama saba waliamka usiku kwenda kupiga picha kwa mipangilio yangu. Asubuhi nimekuta picha saba nyeusi. Nyeusi tii. Kila moja ina maelezo yake. Bwana Mahfoudh alipiga magofu ya Mbweni, na ametujulisha kwamba gofu liko upande wa kushoto. Kheir aliona kitu cheupe katika ya kwake, akafurahi sana, akapongezwa na watu sita. Baadaye ikabainika ni ufa wa kioo cha simu yake.

Wakaniomba siri. Ningefanya nini? Mwanafunzi akiulizwa hujibu. Nimewaambia wazuie pumzi, wafute lenzi kwa kanga iliyofuliwa mara nyingi, wasogee hatua tatu nyuma, na zaidi ya yote wawe na subira. Hilo la mwisho ni ushauri mzuri kwa hali yoyote.

Skulini nimepata themanini na nane katika Fizikia, mada ya mwanga. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa. Nilitazama dawati.

Mjomba amepiga simu kutoka Kendwa. Nilikuwa nimempelekea habari za ukuta mkubwa. Amewaambia wenzake wote hotelini kwamba kamera haina ugonjwa, ina kipaji.

Jumatano, 23 Julai

Bwana Mahfoudh ameikuza picha. Ana subira, nimemfundisha mwenyewe. Ameona pembeni kabisa watoto watatu wenye mikoba, akauliza wanakwenda wapi saa nane za usiku. Nimejibu wanakwenda chuoni, kusoma Kurani. Ni kweli walikuwa wanakwenda chuoni. Akauliza ni chuo gani hicho. Nimejibu mwalimu wao ni mkali.

Akauliza na huyu wa baiskeli ya mikate. Nimejibu anawahi wateja. Kheir akaandika kwamba watu wa Malindi wana bidii, si kama wa mtaani kwake, ambao hata mchana kuwaamsha ni kazi.

Bwana Mahfoudh hakucheka. Ameandika kwamba Jumamosi, kabla ya maonyesho kufunguliwa, madirisha ya ukumbi yafungwe mpaka pawe giza, na Tahiya apige picha mbele ya wanachama. Nikifanikiwa, atanipa mkono hadharani. Nikishindwa, picha iteremshwe. Bi Shemsa amekubali. Kundi zima limekubali. Na mimi nimekubali.

Picha ikiteremshwa, kamera inakwenda kwa fundi. Nimeitazama jioni nzima. Haina mtoto wa jicho hata kidogo. Ina jicho lake.

Alhamisi, 24 Julai

Nimepata!

Baada ya skuli nilikwenda Kiponda, nikamwambia Bi Shemsa nimekuja kumsaidia kupanga viti. Akaniombea dua. Tukapanga viti ishirini na vitano, safu tano. Alipokwenda jikoni kuchuja ukwaju nikafungua madirisha yote, nikasimama pembeni, nikaupiga ukumbi mzima. Picha safi mno! Jumamosi nitabonyeza gizani kama nilivyotakiwa, kisha nitarudi nyuma picha moja na kuwaonyesha hii. Ukumbi ule ule, viti vile vile. Nimeweka alama ya chaki sakafuni nijue pa kusimama. Nimezima hata ile saa ya pembeni, isije ikaniponza tena.

Nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, 26 Julai

Niliapa kuandika kila kitu. Haya.

Kufika saa nne asubuhi viti vyote vilikuwa vimejaa. Bibi alikaa mbele, kajifunga kanga ambayo haijapata kuona maji. Mjomba Kificho aliomba ruhusa kazini, akasimama mlangoni na shati lake la hoteli. Bwana Mahfoudh alikaa safu ya pili, mikono kaifumbata. Kheir alichomeka waya kutoka kwenye kamera mpaka kwenye televisheni, akangoja. Bi Shemsa akafunga madirisha. Giza. Nikasimama kwenye chaki, nikabonyeza, nikarudi nyuma picha moja, nikasema tayari.

Kheir akawasha televisheni. Ukumbi ukatokea mzima, unang'aa, kila kiti na misumari yake. Watu wakasema mashaallah. Mjomba alimshika bega mtu asiyemjua, akamwambia huyo ni mpwa wangu.

Kisha Kheir akasogea karibu na kioo.

"Mbona sisi hatumo?" akauliza.

Viti vyote ishirini na vitano vilikuwa vitupu.

Bwana Mahfoudh akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kamera ya ajabu hii," akasema taratibu. "Gizani inaona viti, watu haiwaoni."

Walicheka mpaka Bi Shemsa akafungua madirisha, wakaendelea kucheka kwenye mwanga. Mimi sikucheka. Nikasema yote nikiwa bado juu ya chaki: jua la asubuhi, saa ya ukutani, watoto, mikate, na ukwaju wa Alhamisi. Sauti ilinitoka ndogo, lakini sentensi zilikuwa kamili. Bibi akainuka. Nilidhani ananitetea mimi.

"Saa yangu haijakosea tangu nlipoolewa," akawaambia. "Ilikuwa saa mbili asubuhi, na saa mbili ndiyo iliyosema. Kama kamera haijui, waulizeni walioitengeneza."

Akaketi.

Bi Shemsa alisimama mbele ya mkungu wangu muda mrefu. Nilikuwa namtazama Mjomba, na Mjomba alikuwa anaitazama kamera kama mtu anayemuaga mgonjwa. Mwisho Bi Shemsa akasema kwamba jani likiwa zuri ni zuri saa yoyote, na kwamba wiki nzima hakumsikia mtu akisema picha ni mbaya. Akaibandua karatasi ya jina, akaandika nyingine: "Mkungu, Saa Mbili Asubuhi". Lakini picha yenyewe akaiondoa katikati. Akaitundika kando ya mlango, karibu na swichi ya taa.

Katikati akaiweka picha iliyokuwa hapo mlangoni, ya Bwana Mahfoudh, ile nyeusi ya Mbweni. Alisema ndiyo iliyopigwa kweli saa nane za usiku.

Mjomba akamuuliza Bi Shemsa kama kando ya mlango kunahesabiwa kuwa ni mbele ya watu. Bi Shemsa akamjibu kwamba picha nyingine watu watazipita mara moja, ile ya mlangoni watapita mbele yake wakiingia na wakitoka. Mjomba akatoka nje na simu yake. Nilimsikia akimwambia fundi asisubiri mtu, mgonjwa amepona.

Bwana Mahfoudh alinifuata akiwa na daftari. Alitaka mipangilio ninayotumia mchana. Nikamwambia ni ile ile. Akaiandika, akapiga mstari chini yake, akanipa mkono ingawa sikuwa nimeshinda. Ukwaju wa Bi Shemsa ulikuwa mtamu. Nilikunywa bilauri tatu.

Jumapili, 27 Julai

Nimelala vizuri. Kamera ipo mezani, yangu, na jicho lake lile lile. Nimeazimia kuwa mkweli katika kila jambo.

Jana nilikaa karibu na mlango nikihesabu. Mbele ya mkungu wangu watu walisimama kidogo, wakatabasamu, wakaendelea. Mbele ya picha nyeusi ya Bwana Mahfoudh bibi mmoja alisimama mpaka ukwaju wake ukapata moto. Alisema anaona huzuni ndani yake. Mumewe akasema yeye anaona gofu, upande wa kushoto.

Bi Shemsa ametangaza maonyesho mengine mwezi wa Septemba. Asubuhi hii, baada ya chai, nimepiga picha bila kuondoa kifuniko cha lenzi. Imetoka nzuri sana! Nyeusi zaidi kuliko ya Bwana Mahfoudh, na haina ufa. Nimempelekea Bi Shemsa papo hapo, pamoja na maneno haya:

"Shikamoo Bi Shemsa. Nnayo picha mpya ya usiku, na safari hii nimehakikisha hakuna hata mtoto mmoja anayekwenda chuoni. Imebaki jina tu. Tafadhali nijibu leo leo: ungependa iwe ya Kendwa au ya Mbweni?"